Kustaafu Mapema: Maswali Ninayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Pesa na Maisha

Niliacha kazi ya uhasibu nikiwa na umri wa miaka 47, na huu ni mwaka wangu wa kumi nje ya ofisi. Tangu wakati huo watu wananijia na maswali yaleyale. Wengine wanapiga hesabu ya kuacha kazi mwakani, wengine wameshaacha na wamekwama. Nimeyakusanya hapa pamoja na majibu yangu. Mimi si mshauri wa fedha, na sheria za kodi, pensheni na bima hutofautiana nchi na nchi, kwa hiyo hayo kawaulize wanaoyajua huko uliko. Ninachoweza kukupa ni hesabu ninazozielewa na mambo yaliyonipata mwenyewe.

Kustaafu "mapema" ni kustaafu lini?

Hakuna umri mmoja unaokubalika kila mahali, kwa sababu umri wa kustaafu hupangwa na serikali na hubadilika. Ujerumani ilipoanzisha pensheni ya uzeeni kwa wafanyakazi mwaka 1889, mtu alitakiwa afikishe miaka 70. Umri huo ukashushwa hadi 65 mwaka 1916. Kwangu mimi, umestaafu mapema ikiwa umeacha mshahara kabla pensheni yako haijaanza kulipwa. Ukiacha kazi na miaka 47 na pensheni inaanza ukiwa na 60, una miaka 13 ya kujilisha kwa akiba yako tu. Watu wengi wanapiga hesabu ya mali yao yote bila kutenga fungu la miaka hiyo ya katikati, kisha wanagundua kwamba nusu ya fedha zao zimefungiwa kwenye mfuko ambao hawawezi kuugusa. Hakikisha unajua kila shilingi yako, au fedha yoyote unayotumia, itapatikana mwaka gani.

Nitajuaje kwamba pesa nilizo nazo zinatosha?

Anza na matumizi yako ya mwaka. Mali ifuate baadaye. Mtu anayeniambia "nina kiasi fulani, je, niache kazi?" siwezi kumjibu mpaka aniambie anatumia kiasi gani.

Kipimo kinachotajwa sana kilitokana na kazi ya mshauri wa fedha wa Marekani, William Bengen. Mwaka 1994 alipitia kumbukumbu za hisa na hatifungani (dhamana za mikopo ya serikali na kampuni) za nchi yake kuanzia mwaka 1926, akatafuta mstaafu angeweza kuchota kiasi gani kila mwaka bila kuishiwa ndani ya miaka 30, hata kama angestaafu katika wakati mbaya kuliko nyakati zote. Jibu lake lilikuwa karibu asilimia 4 ya mali katika mwaka wa kwanza, kisha kiasi hicho kiongezwe kila mwaka kulingana na mfumuko wa bei. Mwaka 1998 maprofesa watatu wa Chuo Kikuu cha Trinity, Texas, walifanya hesabu za aina hiyo wakafika karibu na palepale. Ukigeuza asilimia 4 kichwa chini unapata mara 25: anayetumia 100 kwa mwaka anahitaji 2,500.

Mimi nilishika kipimo hicho kwa mikono miwili, na leo nakiheshimu, lakini ningependa usome masharti yake kabla hujaandika barua ya kuacha kazi. Kwanza, ni miaka 30. Anayestaafu na miaka 45 anaweza kuishi mingine 45 au 50. Pili, takwimu zile ni za Marekani, nchi ambayo masoko yake yalifanya vizuri kuliko ya nchi nyingi katika karne iliyopita. Tatu, Bengen hakukata ada za uwekezaji wala kodi. Mfuko unaokutoza asilimia 1.5 kwa mwaka unakula zaidi ya theluthi moja ya asilimia 4 yako kabla hujapata chochote. Nne, mali yake ilikuwa mchanganyiko, hisa zikiwa kati ya nusu na robo tatu. Mwenye viwanja vitupu na akaunti ya benki hawezi kuitumia hesabu hiyo kana kwamba imeandikwa kwa ajili yake.

Kwa hiyo nikiulizwa na mtu aliye chini ya miaka 50, namwambia alenge asilimia 3 hadi 3.5, yaani mara 29 hadi 33 ya matumizi. Wanaona ni nyingi. Ni nyingi kweli. Mimi niliondoka na mara 27, na kilichoniokoa ni kwamba mume wangu, ambaye ni mwalimu, aliendelea kufundisha miaka mitano zaidi.

Je, matumizi hupungua ukiacha kazi?

Mengine hupungua: nauli, nguo za ofisini, michango ya kazini. Mengine huongezeka, kwa sababu sasa una saa nyingi za kutumia, na saa nyingi zinapenda kugharimu pesa.

Mwaka wangu wa kwanza nilizidisha bajeti kwa asilimia 18. Niliona aibu, mhasibu mzima. Nilipokaa na daftari nikaona kosa lilipokuwa. Bajeti yangu ilikuwa ya miezi, na gharama zilizonipiga hazikuwa za kila mwezi. Paa lilivuja. Jino likahitaji matibabu ya hatua tatu. Kompyuta ikafa. Tulisafiri mara mbili kwenda kuzika. Hakuna hata moja kati ya hizo ambayo ningeiita anasa, na hakuna hata moja iliyokuwamo kwenye hesabu yangu.

Tangu hapo nafanya hivi: naorodhesha kila kitu kikubwa ninachokimiliki, nakadiria kitadumu miaka mingapi, nagawanya gharama ya kukibadilisha kwa miaka hiyo. Paa litakalogharimu 500 na kudumu miaka 25 ni matumizi ya 20 kila mwaka, hata katika miaka ambayo halivuji. Nilipojumlisha mistari yote, matumizi yangu halisi yalikuwa makubwa kuliko niliyodhani kwa karibu moja ya sita. Hapo ndipo zile mara 27 zilipogeuka kuwa mara 23. Laiti ningeifanya hesabu hiyo kabla, ningefanya kazi miaka miwili zaidi na kulala vizuri zaidi.

Soko likianguka mara tu baada ya kuacha kazi, inakuwaje?

Hili ndilo swali muhimu kuliko yote ya upande wa pesa, na ndilo linaloulizwa na wachache. Mtu asiyegusa mali yake hajali mwaka mbaya ukija mwanzo au mwisho. Mtu anayechota anajali mno.

Chukua watu wawili, kila mmoja ana 1,000 na anachota 40 mwanzoni mwa kila mwaka. Wote wanapitia miaka minne ileile: kushuka asilimia 20, kushuka asilimia 10, kupanda asilimia 15, kupanda asilimia 25. Wa kwanza anaanza na miaka mibaya. Mwisho wa mwaka wa nne amebakiwa na 834. Wa pili anaanza na miaka mizuri, mibaya ikaja nyuma. Amebakiwa na 900. Kama wasingechota chochote, wote wangemaliza na 1,035 sawasawa. Tofauti ya 66 ni matumizi ya zaidi ya mwaka mmoja na nusu, na imeletwa na mpangilio wa miaka peke yake. Aliyeanza vibaya aliuza vipande vingi vya mali yake vikiwa bei ya chini, na vipande vilivyouzwa havikuwapo tena bei ziliporudi.

Kuanguka huko si hadithi. Fahirisi ya S&P 500 ya Marekani, yaani kipimo cha bei za hisa za kampuni kubwa za huko, ilipoteza zaidi ya nusu ya thamani yake kati ya Oktoba 2007 na Machi 2009. Fahirisi ya Nikkei ya Japani ilifika kileleni Desemba 1989, na haikukivuka kilele hicho hadi Februari 2024. Mjapani aliyestaafu mwaka 1989 na kuweka kila kitu kwenye hisa za nchi yake alikuwa na muda wa kuzeeka na kufa akisubiri.

Kinga ninazozijua ni tatu, na nimezitumia zote. Ya kwanza ni kutoweka mali yote katika nchi moja au kampuni moja, na hasa kampuni uliyoifanyia kazi, kwa sababu mapenzi yako kwake yanakuziba macho. Ya pili ni kuwa na fedha taslimu za kutosha miezi 18 hadi 24. Ya tatu ni kujua mapema utapunguza nini mwaka mbaya ukija, ukaiandika orodha ukiwa na akili tulivu.

Machi 2020 hisa zangu zilikuwa zimeshuka kwa karibu theluthi moja ndani ya wiki tano. Sikuuza hata moja. Ningependa kusema ni ujasiri, lakini ukweli ni kwamba matumizi ya miezi 20 yalikuwa kwenye akaunti ya akiba, na orodha ya vitu vya kupunguza ilikuwa imebandikwa ndani ya mlango wa kabati tangu miaka mitatu nyuma. Nilichohitaji kufanya siku ile ni kufungua kabati.

Kwa nini nisiweke zote kwenye amana ya benki, nikala riba na kulala?

Kwa sababu ya mfumuko wa bei. Gawanya 72 kwa kiwango cha mfumuko na utapata miaka ya bei kuongezeka mara mbili. Ukiwa asilimia 6, bei zinajirudufu kila baada ya miaka 12 hivi. Katika miaka 40 kwa kiwango hicho, kitu cha 100 kitauzwa zaidi ya 1,000. Hata asilimia 3, ambayo wengi wanaiona ndogo, inafikisha kitu cha 100 hadi zaidi ya 320 katika miaka hiyo 40.

Riba ya amana mara nyingi hukaribiana na mfumuko tu, na ukiitumia riba yote mtaji wako unabaki uleule kwenye karatasi huku ukisinyaa sokoni. Anayestaafu na miaka 70 anaweza kuvumilia hilo. Wewe wa miaka 45 unahitaji kitu kinachokua: hisa, nyumba ya kupangisha inayopandisha kodi ya pango, biashara inayoendeshwa na mtu mwingine. Amana iwe ya zile fedha za miaka miwili.

Nimalize madeni kwanza?

Ndiyo. Deni ni malipo ya lazima, na malipo ya lazima ndiyo yanayokulazimisha kuuza mali wakati mbaya. Kuna wanaopiga hesabu na kuonyesha kwamba mkopo wa nyumba wenye riba ndogo unaweza kubaki huku pesa ikizalisha kwingine. Hesabu yao ni sahihi. Mimi nililipa wangu wote mwaka mmoja kabla ya kuondoka, na sijawahi kuujutia uamuzi huo.

Na usimdhamini mtu mkopo baada ya kustaafu. Benki ikimkosa yeye itakuja kwako, na wewe huna tena mshahara wa kuziba pengo.

Na matibabu?

Ulipoacha kazi uliacha pia bima ya mwajiri, na hiyo ilikuwa sehemu ya mshahara ambayo hukuiona. Uliza bei ya bima binafsi kwa umri wako wa sasa, kisha uliza bei ya mtu mwenye umri wa miaka 60 na 65, maana gharama hupanda na umri. Uliza maradhi uliyo nayo tayari yanashughulikiwaje, na kama kuna kipindi cha kusubiri. Fanya hayo ukiwa bado umeajiriwa. Fanya na vipimo vyote unavyoahirisha: macho, meno, shinikizo la damu, sukari. Rafiki yangu mmoja aliacha kazi kwanza, akapima baadaye, na kilichogunduliwa kikamfanya akataliwe na kampuni mbili za bima. Angepimwa miezi mitatu kabla, matibabu yangeanzia kwenye bima ya kazini.

Pesa ninazo, mbona siwezi kuzitumia?

Ukiniuliza ni kitu gani kilichoniumiza zaidi katika miaka hii kumi, ni hiki, na hakuna hesabu iliyoniandaa.

Kwa zaidi ya miaka 20 nilikuwa mtu wa kuweka. Kila mwezi salio lilipanda, na kila lilipopanda nilijisikia salama na mwenye akili. Halafu asubuhi moja mshahara haukuingia, na kuanzia hapo kila nilichonunua kilishusha namba. Nilianza kuangalia akaunti mara nne kwa siku. Nilijinyima vitu vidogo ambavyo nilipokuwa kazini nilivinunua bila kufikiri. Mume wangu aliniambia, "Ulikuwa tajiri ulipokuwa na mshahara, sasa una mali, umekuwa maskini."

Mwaka wa pili mama aliniomba tumpeleke kwa dada yake, ambaye hawakuwa wameonana kwa miaka minane. Ilikuwa safari ya ndege, ya wiki mbili. Nilitazama jedwali langu, nikaona tayari tumezidisha bajeti ya robo mwaka ile, nikamwambia, "Mama, mwakani." Mwaka uliofuata magoti yake hayakumruhusu tena, na miezi saba baadaye dada yake akafariki. Fedha ya safari ile bado ipo. Ukipiga hesabu imeongezeka.

Baada ya hapo nilibadilisha mpango mzima. Kwanza nilijiandikia mshahara. Kila tarehe 25 benki inahamisha kiasi kilekile kutoka kwenye akaunti ya uwekezaji kwenda kwenye akaunti ya matumizi, yenyewe. Mwili unaujua mshahara. Ukiingia, unajua ni wa kutumika. Akaunti kubwa naiangalia mara nne kwa mwaka. Pili, tuna fungu ambalo sheria yake ni kwamba lazima liishe kabla ya Desemba, na ni kwa ajili ya watu tunaowapenda, wakiwa hai na wakiwa na miguu ya kutembelea. Likibaki, tunajiuliza tulimsahau nani.

Nitafanya nini siku nzima?

Miezi mitatu ya kwanza ni likizo, na usiiharibu kwa kujipangia mambo. Lala. Mwezi wa nne au wa tano ndipo ukimya unapoingia. Simu haiiti. Wenzako wa kazini, uliodhani ni marafiki, walikuwa wenzako wa kazini; wengi hawatakutafuta baada ya nusu mwaka, na si kwa ubaya, ni kwamba kilichowaunganisha kimekwisha. Na mtu akikuuliza "unafanya kazi gani?" unajikuta unajieleza kwa wakati uliopita.

Mimi nilijaribu mambo mengi. Nilianza kujifunza lugha nikaacha. Nilipanga upya nyumba nzima, ikachukua wiki tatu, kisha nikakaa katikati ya nyumba iliyopangwa nikalia. Kilichonisaidia ni kugundua kwamba sikukosa kazi. Nilikosa mtu anayenisubiri. Ofisini kulikuwa na watu ambao nisipofika, kitu kinakwama. Nyumbani nisipoamka hadi saa tano asubuhi, hakuna aliyejua.

Sasa Jumanne na Alhamisi nafundisha uwekaji hesabu kwa vikundi vya wanawake wenye biashara ndogo. Silipwi. Saa nne kamili wanakuwa wameshakaa, na nikichelewa wananipigia. Saa kumi na mbili asubuhi natembea na akina mama wawili wa jirani ambao hawanisamehi nikikosa bila taarifa. Hayo mawili yameushika mwili wangu na wiki yangu kuliko mpango wowote niliouandika.

Ushauri wangu ni kwamba uanze kabla. Ukiwa bado kazini, tafuta jambo moja nje ya kazi ambalo watu wanakutegemea, ulifanye kwa mwaka mzima. Ukishindwa kulipata ukiwa umeajiriwa, usidhani litakuja lenyewe utakapokuwa na muda.

Mwenzi wangu bado anafanya kazi. Tuwe waangalifu na nini?

Na mambo ambayo hamjayasema kwa sauti. Mume wangu alidhani, kwa kuwa niko nyumbani, kazi zote za nyumbani sasa ni zangu. Mimi nilidhani nimestaafu. Hakuna aliyemwuliza mwenzake. Alirudi jioni amechoka akanikuta nimepumzika, na sura yake ilisema kitu, na mimi nilikisikia. Tulinuniana karibu mwaka mzima kwa kitu ambacho mazungumzo ya saa moja yangekimaliza.

Upande wa pesa palikuwa na kidonda kingine. Mshahara wake ulikuwa unaonekana kila mwezi, mali yangu haionekani. Polepole tukaanza kusema "pesa yako" na "pesa yangu" kwa namna ambayo hatukuwa tumewahi kuisema. Dawa ilikuwa kikao cha Jumapili ya kwanza ya mwezi: tunaweka namba zote mezani, zake na zangu, tunagawana kazi za nyumba kwa majina, kisha tunafunga daftari na hatulizungumzi tena hadi mwezi ujao. Kikao hicho hatukukiacha hata yeye alipostaafu. Na kama mwenzi wako hataki uache kazi, msikilize hadi mwisho kabla ya kumletea jedwali. Huenda anachoogopa hakimo kwenye jedwali.

Ndugu na marafiki watajua nina pesa. Nifanyeje?

Watajua, au watadhani, na wataomba. Mtu asiyefanya kazi na hana shida anaonekana ana hazina. Nimeweka kiasi cha mwaka cha kusaidia, na kinapokwisha nasema kimekwisha, kwa upole na bila maelezo marefu. Nikitoa, natoa kama zawadi. Sikopeshi jamaa, kwa sababu nimepoteza binamu mmoja kwa deni ambalo hata lingelipwa nisingelitambua kwenye salio.

Watu usiowajua ndio wa kuogopa zaidi. Anayepokea mafao kwa mkupuo ni windo. Mwaka 1920 huko Boston, Charles Ponzi aliahidi faida ya asilimia 50 katika siku 45, akawalipa wa mwanzo kwa pesa za waliofuata mpaka zikaisha. Bernard Madoff wa New York, aliyetumia mbinu hiyohiyo hadi akakamatwa Desemba 2008, hakuahidi maajabu kama hayo. Aliwaonyesha wateja faida ya wastani, tulivu, mwaka baada ya mwaka, na miongoni mwa walioumia walikuwamo wastaafu wengi. Faida isiyotikisika kamwe inatakiwa ikutie shaka sawa na faida kubwa mno. Mimi nina sheria moja: mwaka wa kwanza baada ya kupokea mafao, hakuna uwekezaji mpya. Pesa ikae mahali salama mpaka moyo utulie. Fursa ambayo haiwezi kusubiri mwaka, niiache ipite.

Nikirudi kazini, nimeshindwa?

Hapana. Katika mwaka wangu wa tatu nilifanya kazi za ukaguzi wa hesabu kwa miezi minne. Kipato kidogo kinachofidia robo ya matumizi kinapunguza mno unachochota, hasa miaka ya mwanzo ambayo ndiyo ya hatari. Weka leseni yako ya taaluma hai kwa miaka mitano hivi kama ada yake unaimudu.

Watoto niwaambie nini?

Ukweli, kwa kiwango cha umri wao. Wangu walikuwa na miaka 12 na 16. Mdogo aliwaambia shuleni kwamba nimefukuzwa, kwa sababu hilo ndilo alilolielewa. Tulikaa nao, tukawaonyesha bajeti ya nyumba, ada yao ikiwa mstari wa juu kabisa. Mkubwa aliuliza maswali bora kuliko ya ofisa wa benki.

Wosia unahitajika mapema hivyo?

Unahitajika leo, uwe umestaafu au la. Kagua pia majina ya wanufaika kwenye mfuko wa pensheni na bima, kwani katika nchi nyingi fedha hizo hulipwa kwa aliyeandikwa kwenye fomu. Nilikuta fomu yangu ya kwanza bado ina jina la baba yangu, aliyekuwa amefariki miaka sita nyuma. Andika pia ukurasa mmoja wa akaunti zote na mahali nyaraka zilipo, umwambie mwenzi wako ulipouweka.

Ungerudi nyuma, ungefanya nini tofauti?

Ningeondoka na miaka 49, nikiwa na mara 30 ya matumizi yangu ya kweli. Ningechukua likizo ndefu bila malipo kwanza, miezi mitatu, nione nyumba ilivyo saa nne asubuhi siku ya kazi. Ningemwambia mume wangu mapema kwamba naogopa. Na ningempeleka mama.

Nianzie wapi wiki hii?

Chukua taarifa za benki na za pesa za simu za miezi 12 iliyopita, zote. Jumlisha kilichotoka, bila kukiremba na bila kutoa "dharura", kwa sababu dharura ya aina moja au nyingine huja kila mwaka. Ongeza mistari ya paa, meno na gari kwa njia niliyoieleza. Zidisha kwa 30. Kisha, kabla hujamwonyesha mtu mwingine yeyote, mwonyeshe mwenzi wako, umwulize yeye angependa Jumanne yenu ya kawaida iweje miaka mitano kutoka sasa.